Namna ya kuwahoji mashabiki wazee wa Lubumbashi juu ya mchezaji wa zamani

Anayetaka kuandika jinsi mchezaji wa miaka ya 1960 au 1970 alivyokimbia, alivyoruka na alivyopiga mpira, huku picha za mechi zake zikiwa chache mno, hana budi kuwategemea wazee waliokuwa wakijaza majukwaa. Wazee hao bado wapo katika mitaa ya Lubumbashi, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, na wengi wanapenda kusimulia, lakini ushahidi wao unataka kuulizwa kwa utaratibu. Ukimwuliza mtu, "Alikuwa hodari kiasi gani?", atakujibu kwamba hajatokea tena wa kumfikia, na hapo mazungumzo yatakuwa yamekwisha kabla hujapata neno la kuandika.

Kwanza jifunze majina na miaka. Klabu tunayoiita TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface, na kwa jina la Englebert ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha ikashindwa katika fainali mbili zilizofuata. Mji wenyewe uliacha kuitwa Élisabethville mwaka 1966, nchi ikawa Zaire mwaka 1971, na mwaka uliofuata watu wakaamriwa kuacha majina yao ya Kikristo. Kwa hiyo Pierre Kalala, aliyefunga goli pekee la fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Ghana mwaka 1968, ndiye Kalala Mukendi wa baadaye, na kipa Robert Kazadi ndiye Kazadi Mwamba aliyekwenda Kombe la Dunia la 1974. Mwandishi asiyelijua jambo hili huweza kumgawa mtu mmoja akawa wawili, na wazee watamcheka.

Ukifika lupangoni (yaani uani) kwa mzee, salimu, kaa unapoonyeshwa, mwite Baba au Mama, na eleza unachokitafuta kabla ya kutoa simu ya kurekodi. Mwombe ruhusa waziwazi. Akina mama wasisahauliwe, maana wapo waliokwenda uwanjani kila Jumapili, na mara nyingi hakuna anayewauliza.

Swali la kwanza liwe hili: "Wewe mwenyewe ulikuwa umekaa upande gani?" Goli la Kalala lilifungwa Addis Ababa, na mashabiki walio wengi wa Lubumbashi walilipata kwa sauti ya redio au kwa mdomo wa mtu mwingine, hata hivyo, baada ya miaka zaidi ya hamsini, msikilizaji wa redio huweza kulisimulia kana kwamba alilitazama. Simulizi lake bado lina thamani, ila liandike kama habari aliyoisikia. Aliyekuwa uwanjani hukumbuka vitu vidogo: jua lilikuwa linampiga machoni, au mlingoti ulimziba asione kona moja.

Kisha uliza juu ya mwili, kiungo kwa kiungo. Alianza mbio kwa mguu gani? Aligeuka upande upi kwa wepesi? Aliruka akiwa amesimama au baada ya kukimbia? Tshimen Bwanga, aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973, alikuwa beki, na kwa beki maswali ya magoli hayafai. Uliza alisimama wapi kabla mpira haujapigwa, na alimfikiaje mshambuliaji aliyekwisha kumtangulia. Mzee akishindwa kueleza kwa maneno, mwombe asimame aonyeshe, kama magoti yanamruhusu. Nimeona mikono ikieleza kilichoshindikana kwa ulimi.

Baadhi ya vipimo vya uwanja havibadiliki, basi vitumie. Mwamba wa goli uko mita 2.44 juu ya ardhi, alama ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli, na sanduku la kipa linafika mita 16.5. Mtu akisema mchezaji wa urefu wa mita 1.80 alikifikisha kichwa chake kwenye mwamba, anadai kwamba alipaa sentimita 64, jambo gumu lakini linalowezekana; akisema kifua ndicho kilichofika hapo, umekwisha kuingia katika hadithi. Shuti la mbali lipime barabarani kwa hatua, mzee akikuambia mahali pa kusimama.

Ipo pia njia ya kuupima usahihi wa shahidi. Mwulize juu ya kipa Muteba Kidiaba katika Kombe la Dunia la Klabu la 2010 huko Abu Dhabi, Mazembe ilipoifunga Pachuca ya Meksiko 1-0 na Internacional ya Brazili 2-0 kabla ya kufungwa 3-0 na Inter ya Milano. Kila mtu atakuchezea ile shangwe ya kurukaruka kwa makalio (nayo ilihitaji nguvu nyingi kuliko watu wanavyodhani). Wewe mwulize mipira aliyookoa, alijitupa upande gani, kwa mkono upi. Halafu tazama video. Anayeikumbuka vizuri mechi ya 2010 hapati kibali cha moja kwa moja kwa mechi za 1968, lakini utajua ni mtu wa kuangalia mpira au wa kuangalia shangwe.

Shahidi ninayemthamini kuliko wote ni mpinzani. Ukiandika juu ya mchezaji wa Mazembe, nenda kwa mzee wa Lupopo, klabu hasimu ya mji huohuo, na ukiandika juu ya wa Lupopo, fanya kinyume chake. Mpinzani hana sababu ya kumpamba mtu aliyemharibia Jumapili yake, na sifa inayomtoka kwa shida huwa na undani: atakuambia ni beki gani wa kwao aliyeachwa, na aliachwaje.

Masimulizi mawili yakigongana, usiyachanganye kutengeneza la tatu. Yaandike yote mawili kwa maneno ya wasimulizi, pamoja na Kifaransa walichochomeka, na mbele ya kila moja weka upande wa jukwaa aliokaa msimulizi na timu aliyoishangilia.