Namna ya Kumshukuru na Kumsahihisha Mhariri Mwenzako katika Wikipedia ya Kiswahili

Anayeandika katika Wikipedia makala kuhusu mto wa kijijini kwao, au anayekesha akirekebisha viungo vilivyokufa katika makala za wilaya za Tanzania, halipwi chochote wala jina lake halitajwi juu ya makala. Msomaji huchukua habari anayoihitaji na kwenda zake. Kwa hiyo karibu shukrani zote atakazozipata mhariri wa kujitolea zitatoka kwa wahariri wenzake, na wasipozitoa wao hakuna mwingine wa kuzitoa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kushukuru, mahali pa kuandika shukrani hizo, na jinsi ya kusahihishana bila kuvunjana moyo, kwani kwa maoni yangu ushirika wa wahariri hujengeka au hubomoka zaidi wanaposahihishana kuliko wanapotunukiana.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, ina makala zaidi ya 80,000, lakini wahariri wanaorudi mwezi baada ya mwezi ni wachache kiasi kwamba aliyekaa muda huwatambua kwa majina na kwa mapenzi yao: huyu wadudu, yule watakatifu, mwingine kata na vijiji. Katika jumuiya kubwa mtu mmoja akikasirika na kuondoka pengo lake halionekani. Hapa akiondoka mmoja, jamii nzima ya makala, yaani kundi zima la makala za mada moja, hubaki bila mtunzaji.

Kitufe cha kushukuru

Njia nyepesi kuliko zote imo katika historia ya makala, yaani orodha ya mabadiliko yake yote. Ukiwa umeingia kwa akaunti yako, fungua historia, na mwishoni mwa mstari wa badiliko lililofanywa na mtumiaji mwenye akaunti utaona kiungo cha kumshukuru. Ukikibonyeza utaulizwa kwanza kama umekusudia kweli, kwa sababu shukrani ikishatumwa hairudishwi. Mwenzako atapata taarifa inayomwonyesha badiliko lenyewe. Kumbukumbu ya wazi huonyesha tu kwamba fulani amemshukuru fulani na saa aliyofanya hivyo. Ni badiliko gani lililoshukuriwa, hilo hubaki baina yenu wawili.

Chombo hiki, kilichoanza kutumika katika Wikipedia ya Kiingereza mwezi Mei 2013, kinafaa hasa kwa kazi ambazo hakuna anayezisifu: aliyefuta matusi ambayo mwanafunzi ameyachomeka katika makala ya shule yake, aliyeweka jamii sahihi chini ya makala 10 mfululizo, aliyeongeza tanbihi moja kwenye sentensi iliyokuwa ikielea bila chanzo. Ukimshukuru mtu kwa kila nukta anayoiweka, taarifa zako zitageuka kelele na ataacha kuzifungua.

Ujumbe wa maneno

Kwa kazi kubwa zaidi, andika. Kila mtumiaji ana ukurasa wa majadiliano, na huko ndiko shukrani yenye uzito inakowekwa. Sifa ya jumla, kama vile "kazi nzuri, endelea hivyo hivyo", haimdhuru mtu, lakini pia haimpi kitu, kwa sababu ingeweza kupelekwa kwa yeyote na anayeipokea analijua hilo. Taja makala, taja sehemu, taja alichokifanya na kilichokuwa kikikosekana kabla yake. Tuseme mtumiaji ameongeza habari za kilimo cha karafuu katika makala ya Pemba. Ujumbe unaofaa ungeweza kuwa huu:

"Habari za leo, ndugu. Nimesoma sehemu ya karafuu uliyoiongeza jana katika makala ya Pemba. Maelezo ya namna zinavyochumwa na kuanikwa hayakuwepo kabisa, na umeweka tanbihi kila penye tarakimu, jambo ambalo wengi wetu tunalikwepa. Nimeigawa aya ndefu mara mbili na kuipeleka picha juu. Ukiona haifai, rudisha ulivyoweka. Je, una chanzo chochote kuhusu vituo vya ununuzi?"

Angalia kwamba marekebisho yametajwa ndani ya shukrani yenyewe, tena kwa namna inayomwachia mwandishi wa kwanza mamlaka ya kuyakataa. Swali la mwisho naliona kuwa na nguvu kuliko sifa zote zilizolitangulia, kwa maana linamwambia kuwa yupo mtu anayengoja jibu lake, na mtu anayengojwa hurudi. Malizia kwa alama nne za wimbi (~~~~) ili jina lako na saa viandikwe vyenyewe. Ujumbe usio na sahihi humfanya mgeni ahangaike kumtafuta aliyeuandika.

Maamkizi yanahitaji uangalifu wake. Kwenye ukumbi wa kawaida tungejua nani wa kuamkiwa shikamoo na nani wa kujibu marahaba, lakini humu mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuwa anamsahihisha mwalimu mstaafu, na hakuna kati yao anayejua umri wa mwenzake. "Ndugu" hutosha kwa wote, mwanamume na mwanamke, kijana na mzee, mpaka mwenyewe aseme anapenda kuitwa vipi. Usimwite "bwana" kwa kukisia tu, na hata kama unamfahamu mtu mtaani, usilitumie jina lake halisi ikiwa yeye amechagua kuhariri kwa jina la kubuni. Baadhi ya wahariri huandika juu ya siasa, dini au migogoro ya ardhi, na wana sababu zao.

Nyota

Desturi ya kutunukiana nyota katika Wikipedia ya Kiingereza ilianza Desemba 2003, ikiwa imetoka mwaka huohuo katika tovuti nyingine ya wiki iliyoitwa MeatballWiki. Umbo lake ni la nyota ya chuma ambayo wakulima wa Marekani hupamba nayo maghala yao. Hakuna kamati inayoitoa. Mhariri yeyote anaweza kumpa mhariri yeyote, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Mwaka 2011 kiliongezwa chombo chenye alama ya moyo kinachomwezesha mtu kumpelekea mwenzake nyota, picha ya paka au kikombe cha chai kwa kubonyeza mara chache. Pale ambapo chombo hicho hakipo, chukua picha ya nyota kutoka Wikimedia Commons, ghala la picha huru linalotumiwa na Wikipedia, iweke katika ukurasa wa majadiliano wa mwenzako, na chini yake andika sentensi mbili za sababu. Wala hailazimu iwe nyota: picha ya kahawa na kashata itaeleweka Mombasa na Unguja kuliko nyota ya ghala la Pennsylvania.

Je, mambo haya yana maana yoyote, au ni michezo tu? Watafiti Michael Restivo na Arnout van de Rijt walichapisha mwaka 2012 matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wahariri 200 wa Wikipedia ya Kiingereza walio katika asilimia 1 ya wanaochangia zaidi. Nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa nyota, na katika siku 90 zilizofuata walifanya kazi zaidi ya wasiopewa kwa takriban asilimia 60. Hata hivyo, jaribio lao la baadaye halikuona ongezeko kama hilo kwa wahariri wenye michango midogo. Wanaopenda kugawa nyota kama pipi wangefaa kulikumbuka hilo la pili, kwani sifa isiyolingana na kazi haimsukumi mtu popote. Upande wa wageni, mtafiti Jana Gallus alionyesha mwaka 2017, katika jaribio lililowahusu wageni zaidi ya 4,000 wa Wikipedia ya Kijerumani, kuwa tuzo isiyo na fedha yoyote iliongeza kwa takriban asilimia 20 idadi ya waliobaki. Kwa hiyo usingoje mpaka mtu afikishe makala 1,000. Mgeni aliyemaliza makala yake ya kwanza yenye vyanzo anastahili kutambuliwa wiki hiyohiyo, ilimradi utaje makala hiyo na kisa cha kuitambua.

Juu ya nyota zipo heshima kubwa zaidi. Tangu mwaka 2011 hutajwa Mwanawikimedia wa Mwaka, na Afrika imeipata heshima hiyo zaidi ya mara moja, kwa mfano kupitia Felix Nartey wa Ghana mwaka 2017, Emna Mizouni wa Tunisia mwaka 2019, Sandister Tei wa Ghana mwaka 2020 na Olushola Olaniyan wa Nigeria mwaka 2022. Katika mji wa Słubice, Poland, ulizinduliwa mwezi Oktoba 2014 mnara wa kuwaenzi wahariri wote wa Wikipedia, kazi ya mchongaji Mihran Hakobyan. Haya ni mazuri, lakini mhariri wa Songea au Bukavu asiyeshukuriwa na mtu hata mmoja hapungukiwi mnara. Anapungukiwa ule ujumbe wa mistari minne niliouonyesha hapo juu.

Kusahihisha bila kumfukuza mtu

Idadi ya wahariri hai, yaani wanaohariri mara kwa mara, wa Wikipedia ya Kiingereza ilifikia kilele mwaka 2007, kisha ikaanza kushuka. Utafiti ulioongozwa na Aaron Halfaker na kuchapishwa mwaka 2013 ulihusisha mteremko huo na jinsi wageni walivyopokelewa: michango yao ya nia njema ilirudishwa nyuma haraka, mara nyingi kwa zana za kujiendesha na ujumbe uliokwisha andaliwa, nao wakaondoka. Zana hizo zilikuwa zikizuia waharibifu, na zilifanya kazi hiyo vizuri, lakini zilimchapa na asiyehusika.

Kwetu hali hujitokeza hivi. Kijana anaandika makala kuhusu kata yake: aya tatu, moja inamsifu diwani, moja imenakiliwa kutoka tovuti ya halmashauri, na moja inaeleza vizuri visima na shule zilizopo. Mkabidhi, yaani mhariri aliyepewa mamlaka ya kufuta makala, akiwa na haraka huweka kigezo cha kufuta (tangazo lililokwisha andaliwa) na kuendelea na safari. Mkabidhi mwenye busara hufuta aya iliyonakiliwa, kwa sababu hakimiliki haina mjadala, huondoa sifa za diwani, huiacha aya ya tatu na kuiwekea alama ya mbegu, yaani makala fupi inayohitaji kukuzwa, kisha humwandikia kijana yule akieleza kila hatua na kumwomba chanzo cha habari za visima. Kazi hii huchukua dakika nyingi zaidi, nakubali. Lakini makala ya kata nyingine, ile ya jirani, itaandikwa na kijana huyohuyo au haitaandikwa.

Muhtasari wa badiliko, yaani maelezo mafupi anayoyaandika mhariri anapohifadhi badiliko, nao husomwa. Anayeandika "upuuzi" katika muhtasari anaandika katika kumbukumbu isiyofutika kwa urahisi, mbele ya macho ya yule aliyeandika na ya wote watakaokuja. Andika badala yake: "Nimeondoa aya ya pili kwa kuwa haina chanzo; kikipatikana irudishwe." Na yako mambo ambayo hayahitaji kusahihishwa kabisa. Ikiwa mwandishi kutoka Kenya ametumia neno tarakilishi nawe umezoea kompyuta, au ameandika jumuia nawe unaandika jumuiya, liache neno lake katika makala yake. Makala moja ifuate mkondo mmoja, yaani ule wa aliyeianzisha. Mabishano ya aina hii yamekula muda ambao ungetosha kuandika makala nyingi.

Wenzetu tusiowaona

Makala nyingi za Kiswahili zimetafsiriwa, hasa kutoka Kiingereza, na nyuma ya kila moja wapo wahariri kadhaa ambao hatutakutana nao. Kuwatambua ni sharti la leseni ya Creative Commons inayotumiwa na Wikipedia. Unapohifadhi tafsiri, andika katika muhtasari kwamba imetafsiriwa kutoka makala fulani ya lugha fulani, pamoja na kiungo, na useme kwamba wachangiaji wake wamo katika historia ya makala hiyo. Chombo cha kutafsiria makala kilichomo ndani ya Wikipedia hufanya hivyo chenyewe. Anayetafsiri kwa mkono ndiye anayesahau.

Mashindano na warsha

Mwishoni mwa mwaka 2009 Google iliendesha mashindano ya kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, yakiwa na zawadi kama vile kompyuta. Mashindano huleta watu wengi kwa mara moja, na sipingi zawadi. Shida ni kwamba kompyuta ikishatolewa, sababu ya kurudi nayo imekwisha, isipokuwa kama katika wiki zile mshiriki alifahamiana na mhariri mzoefu anayejua jina lake la mtumiaji na anayesoma anachokiandika. Kwa hiyo ukiandaa warsha, iwe Arusha, Eldoret au Goma, gharamia bando na chakula, lakini pia wagawe wageni kwa wazoefu kabla ya siku yenyewe, mzoefu mmoja kwa wageni wasiozidi wanne. Waombe ruhusa kabla ya kuwapiga picha au kuyatangaza majina yao. Kila mzoefu afungue ukurasa wa michango wa wageni wake baada ya wiki moja, aongeze makala zao katika orodha yake ya maangalizi (inayomwonyesha makala anazozifuatilia zikibadilishwa), na amwandikie kila mmoja hata kama hajahariri tena, akimuuliza ni kitu gani kilichomkwamisha. Majibu yao yapelekwe katika ukurasa wa jumuiya, ambako waandaaji wa warsha inayofuata watayakuta.