Paka mpya kutoka kituoni: mwanzishie chumba kimoja

Ukichukua paka kutoka kituo cha kuhifadhi wanyama, usimwachie nyumba nzima siku ya kwanza. Mweke kwenye chumba kimoja kidogo kwa siku 3 hadi 7, na uombe kituoni kitambaa alichokuwa akilalia. Usikifue. Paka hujua kwake kwa harufu kuliko kwa macho. Kitambaa hicho ndicho kitu pekee anachokifahamu, na chumba kidogo anaweza kukinusa chote, akasugua mashavu kila pembe mpaka kinukie yeye. Beseni la mchanga liwe kona moja, chakula na maji kona ya mbali, maana paka hapendi kula karibu na choo chake. Vikikaa pamoja anaweza kuanza kujisaidia kitandani. Mpe boksi la kujifichia, na tafadhali usimvute atoke. Chakula kiwe kilekile cha kituoni. Kipya changanya kidogo kidogo kwa wiki nzima, la sivyo anaweza kuharisha.

Njia hii hukwama dari ikiwa na tundu au wavu wa dirisha ukiwa umechanika: atapenya usiku. Kama una paka mwingine, wiki haitoshi. Wabadilishie vitambaa wazoeane harufu kabla ya kuonana. Na akipitisha saa 24 bila kula kabisa, usingoje woga uishe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa sababu paka asiyekula, hasa mnene, anaweza kuharibika ini ndani ya siku chache.