Somo: Kufundisha uakifishaji kwa kuanzia sikioni

Wanafunzi wengi wa darasa la nne hadi la sita watakutajia alama zote za uakifishaji (nukta, mkato na nyinginezo) bila kukosea, kisha waandike ukurasa mzima usio na nukta hata moja. Nilihangaika nalo sana hili mpaka nilipoacha kuanza na majina ya alama, nikaanza na sauti.

Hatua ya 1. Andika ubaoni, bila alama: Mama ameondoka

Mmoja aisome kama habari, wa pili kama swali, wa tatu kwa mshtuko. Maneno ni yaleyale, mpangilio uleule, maana Kiswahili hakilazimiki kugeuza neno ili kuuliza. Sasa waulize: asiyekusikia atajuaje? Hapo ndipo uweke nukta, kiulizi na alama ya mshangao. Usiharakishe. Mimi huipa hatua hii kipindi kizima.

Hatua ya 2. Mkato na alama za kunukuu. Andika sentensi mbili:

Juma alisema Asha ni mgonjwa.
"Juma," alisema Asha, "ni mgonjwa."

Nani mgonjwa? Waache wabishane kwanza.

Hatua ya 3. Toa aya fupi isiyo na alama wala herufi kubwa. Wakae wawili wawili: mmoja asome kwa sauti, mwenzake atie alama kwa penseli. Waanze na nukta.

Hatua ya 4. Siku ya insha, dakika 5 za mwisho kila mtoto ajisomee kazi yake kwa kunong'ona. Ukisahihisha, andika pembeni mwa mstari idadi ya makosa tu, ayatafute mwenyewe.

Maswali

*Mwalimu, wangu wanatia mkato kila wanapovuta pumzi. Nifanyeje?*
Hapo sikio peke yake halitoshi. Mwulize mtoto mkato wake unatenganisha nini na nini: vitu vinavyoorodheshwa? Jina la anayeitwa? Maneno ya msemaji? Akikosa jibu, aufute.

*Ritifaa (') je?*
Mimi huifundisha kwenye imla, pamoja na tahajia. Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma ni sauti mbili tofauti. Mtoto azisikie, aziandike.

*Na nukta pacha (:), nukta mkato (;)?*
Nukta pacha ndiyo, wanaihitaji kabla ya orodha. Nukta mkato naiacha hadi nukta ikae sawasawa mkononi.