Malkia wa kununua hatakupa nyuki wapole

Wafugaji wa Muheza na Pangani, bado mnapigiwa simu na wauza "malkia mpole wa Ulaya", na bado mnatoa hela. Acheni! Kuingiza nyuki nchini bila kibali ni kosa kisheria, na hata akifika mzima, upole wake haudumu.

Malkia mchanga hupandwa angani, mbali na mzinga, na madume 10 hadi 20. Madume ya huku ni ya nyuki wetu wa pwani. Malkia wako akifa, binti yake atapandwa na hayo hayo. Kutenga mizinga hatua mia ni kujidanganya. Hata km 5 hazitoshi. Brazil waliingiza nyuki wa Afrika mwaka 1956, mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, na kufikia 1990 uzao wao ulishaingia Texas, Marekani. Damu ya Afrika ndiyo iliyoshinda, tena ugenini. Hapa kwao itashindwaje?

Na jirani yako naye unamtia hasarani: yai la dume halina baba, kwa hiyo kila dume la malkia wa kigeni hubeba damu ya mama yake tupu na kuisambaza.

Anayetaka upole achague mzinga wake mwenyewe ulio mtulivu. Hapa ndipo mnapoharibu hesabu. Dume huchukua siku 24 tangu yai hadi kutoka, kisha kama 12 kukomaa: jumla 36. Malkia anayelelewa kutoka kwenye buu la siku moja huruka baada ya siku kama 18 tu. Kwa hiyo, ili madume yawe yamekomaa siku malkia anaporuka, kabla hujaona majana ya dume (watoto wa nyuki ndani ya matundu ya sega) yaliyozibwa kwenye mzinga mtulivu, usianze kulea malkia. Fungua tundu moja kwa ncha ya kisu: macho ya mtoto yakiwa meupe, subiri, yakigeuka zambarau, anza. Katika mizinga mikali, kata masega ya dume kila wiki mbili, kabla madume hayajatoka.

Ukishampa kundi lisilo na malkia sega la mayai na mabuu machanga kutoka mzinga mtulivu, kagua vikombe vya malkia (matundu makubwa anamolelewa malkia) siku ya 7, kisha usifungue mpaka siku ya 28. Usifungue! Kuchungulia alasiri, saa ambazo malkia yuko nje kupandwa, ndiko kunakowapoteza wengi.

Ukiona yai moja moja kwenye kitako cha tundu, malkia amepandwa. Mawili matatu yamebandikwa ukutani mwa tundu, hao ni vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wanaotaga. Unganisha kundi hilo na lenye malkia.