Somo: Kutumia lenzi za zamani kwenye kamera ya kidijitali

Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 au f/2 (namba ya f ni kipimo cha tundu la mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) iliyotengenezwa miaka ya 1970 bado inapiga picha nzuri sana. Nyingi ziliwekwa kando zikiwa hazina ubovu wowote, kwa sababu kamera za filamu zilipitwa na wakati na kampuni zikabadilisha mdomo wa kamera, yaani sehemu lenzi inapofungwa. Canon, kwa mfano, walileta mdomo wa EF mwaka 1987, na lenzi zao za zamani za FD hazikuweza kufungwa humo moja kwa moja. Ndiyo maana zinauzwa rahisi. Ukitaka kujifunza fokasi na mwanga kwa mikono yako mwenyewe, sijui njia bora kuliko hii.

Hatua ya 1: Jua lenzi gani inaingia kwenye kamera yako

Kila mdomo una umbali wake maalumu hadi kwenye sensa. Lenzi za skrubu za M42 zinahitaji milimita 45.46. Upande wa kamera, mdomo wa Sony E una milimita 18, Nikon Z 16, Canon RF 20. Pengo linalobaki ndilo linalojazwa na adapta, ambayo ni bomba la chuma tupu lisilo na kioo ndani. Kwa hiyo kamera zisizo na kioo cha kurudisha taswira zinapokea karibu lenzi yoyote ya zamani.

DSLR, yaani kamera zenye kioo hicho cha kurudisha taswira, zina masharti zaidi. Canon EF ina milimita 44, hivyo M42 inaingia kwa pete nyembamba tu. Nikon F ina 46.5, imeizidi M42, kwa hiyo vitu vya mbali havitatulia (havitaonekana wazi) mpaka utumie adapta yenye kioo cha kurekebisha, na kioo hicho mara nyingi kinashusha ubora. Hapo nashauri utafute lenzi za Nikon zenyewe.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kulipa

Usiruke hatua hii. Fungua apecha (lile tundu la mwanga) yote, washa tochi, imulike lenzi kutoka nyuma kwa pembe huku ukichungulia kwa mbele. Fangasi huonekana kama utando wa buibui unaoanzia ukingoni. Ukungu mweupe ulioenea ndani ni mbaya pia, kwa kuwa picha zote zitapauka. Vumbi kidogo lisikutishe. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele hauna madhara makubwa, lakini wa kioo cha nyuma unaonekana kwenye picha.

Kisha zungusha pete ya apecha na utazame visu vyake, vile vipande vyembamba vinavyofunga tundu. Viwe vikavu, vifunge na kufunguka bila kusitasita. Vikiwa na mafuta vitaganda. Pete ya fokasi izunguke laini, mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 3: Andaa kamera

Ingia kwenye menyu, ruhusu kupiga bila lenzi, maana kamera haitaitambua. Kama sensa ina kizuia mtikisiko, andika urefu halisi wa fokasi wa lenzi, ile namba yake ya milimita, mfano 50. Weka modi A (kwa Canon, Av), kamera ichague kasi, au M, uchague mwenyewe. Apecha unaibadilisha kwenye lenzi yenyewe. Lenzi nyingi za M42 zina swichi ya A/M: iweke M, la sivyo kwenye adapta nyingi visu havitafunga.

Hatua ya 4: Fokasi

Washa pikingi, ile rangi inayojitokeza kwenye kingo zilizo wazi. Inasaidia, ila kwenye f/2 usiiamini peke yake, kwani hupaka rangi hata sehemu ambazo hazijatulia sawasawa. Kuza taswira kwenye jicho la karibu la unayempiga, zungusha pete taratibu mpaka kope zihesabike, endelea kidogo hadi zianze kufifia, kisha rudi. Ule mrudi ndio unaokuonyesha kilele kilipo. Bonyeza hapo hapo, kwa sababu mwili ukiyumba kidogo tu kope zinapotea na sikio linachukua fokasi.

Hatua ya 5: Linda lenzi na jua

Rangi za kinga kwenye vioo vya zamani ni dhaifu. Tumia kikinga mwanga au kiganja. Kingo zikitoka na zambarau, funga hadi f/4 au f/5.6.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sensa yangu ni APS-C, ile ndogo kuliko fremu nzima. Lenzi ya 50 inakuwa 75?*
Lenzi haibadiliki, inabaki 50. Sensa inakata kingo, kwa hiyo upana wa picha unafanana na wa milimita 75 kwenye fremu nzima (kwa Canon, 80). Inafaa sana kwa sura za watu.

*Nasikia baadhi zina mionzi. Ni kweli?*
Ni kweli. Baadhi ya matoleo ya lenzi ya Pentax, Super-Takumar 50 f/1.4, yana thoriamu kwenye kioo, nacho hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Kukiacha kwenye mwanga wa urujuanimno kunapunguza umanjano. Kupiga nayo picha kama kawaida hakuna shida. Usiifungue wala kusaga kioo chake.

*Kaka, nikifika alama ya ∞ milima inakuwa na ukungu, nikirudi kidogo inatulia. Lenzi mbovu?*
Hapana, ni adapta. Nyingi hutengenezwa fupi kidogo makusudi ili lenzi ivuke ∞. Tazama skrini, usifuate alama. Ingekuwa haifiki kabisa, ndipo ubadilishe adapta.

*Lenzi yangu ya Kisovieti, Helios 44-2, haifanyi mandhari ya nyuma ionekane kama inazunguka, kama ninavyoona kwa wengine.*
Fungua hadi f/2, na kumbuka ina pete mbili: moja inaweka kikomo, nyingine ndiyo inayofunga visu. Msimamishe mtu hatua chache kutoka kwako, na nyuma yake, mbali kiasi, kuwe na majani yanayopenyeza mwanga. Ukuta mtupu hauna cha kuzungusha.