Rangi inakukaukia Dodoma? Fanya hivi
Nyie mnaochora jioni mkitoka kazini na sasa mnawaza kuacha mshahara mchore tu, sikieni. Huku kwetu kiangazi upepo haulali, akriliki, hii rangi ya kuchorea inayochanganywa na maji, inakauka kwenye sahani hata anga hujamaliza, mi mwaka wa kwanza nimetupa rangi nyingi mpaka roho inauma. Chukua kontena la chakula lenye mfuniko, tandika chini kitambaa cha pamba ulicholowesha ukakikamua kidogo, juu yake weka karatasi ya kuokea, rangi unaiweka hapo. Ukimaliza funika, asubuhi unaikuta bado laini kama siagi, kitambaa kikianza kukauka kiongezee maji kidogo tu, yasizidi rangi ikawa uji.

Na msikimbilie kanvasi, Edward Tingatinga mwenyewe, aliyeanzisha michoro ya Tingatinga, alichora kwenye hadibodi, yale mabamba magumu ya mbao iliyoshindiliwa, kwa rangi za mafuta za dukani. Hadibodi ipake kwanza rangi nyeupe ya ukutani mara mbili.

Halafu siku moja nendeni Kolo kule Kondoa mkaone michoro ya miambani, ule wekundu umekaa juu ya jiwe vizazi na vizazi na bado unaonekana, mi nilivyorudi kutoka kule ndo nikaandika barua ya kuacha kazi.