Namba ya Kurt Mahler: jinsi ya kuonyesha, hatua kwa hatua, kwamba namba ni transendentali

Chukua kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu. Jumlisha 1/2 + 1/4 + 1/16 + 1/256 + 1/65536 na kuendelea bila kukoma, kila sehemu ikiwa kipeo cha pili cha ile iliyotangulia. Jumla inakaribia 0.816421509021893… Namba hiyo tuiite a.

Tunataka kuonyesha kwamba a ni transendentali, yaani hakuna mlinganyo wa polinomia wenye vizigeu vya namba kamili ambao a ni jibu lake. √2 haihesabiki humo kwa sababu inajibu x² − 2 = 0. π imo, na Ferdinand von Lindemann alilithibitisha hilo mwaka 1882. Kuhusu a yetu, Aubrey Kempner alishamaliza kazi mwaka 1916, lakini mimi huwafundisha wanafunzi njia ya Mahler, iliyochapishwa mwaka 1929 katika jarida la Mathematische Annalen. Kwa njia hiyo, ukishaielewa 1/2, umezielewa namba nyingine zisizo na idadi.

Kurt Mahler alizaliwa Krefeld, Ujerumani, mwaka 1903. Kifua kikuu cha mifupa kilimshika goti tangu utotoni na kumtoa shuleni mapema. Akafanya kazi kiwandani akiwa kijana, huku akijisomea hisabati mwenyewe. Maandishi yake yalifika kwa mwanahisabati Felix Klein, yeye akampa mwanahisabati mwenzake Carl Ludwig Siegel, na Siegel ndiye aliyemfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Frankfurt, alikopata udaktari mwaka 1927. Baadaye Mahler alisimulia kwamba jumla hii alianza kuichezea akiwa mgonjwa kitandani, ili apate la kufanya tu. Mwanzo alitaka kuonyesha kwamba a haiwezi kuandikwa kama sehemu. Sisi pia tutaanzia hapo.

Hatua ya 1: Badala ya namba, andika funksheni

Weka z mahali pa 1/2:

f(z) = z + z² + z⁴ + z⁸ + z¹⁶ + …

Sasa weka z² mahali pa z. Vipeo vyote vinaongezeka maradufu, na kinachopotea ni z ya mwanzo peke yake:

f(z²) = f(z) − z

Usiharakishe hapa, maana ujanja wote wa Mahler umo kwenye mstari huu. Ukiurudia mara k, f kwenye 1/2 inafungamana na f kwenye namba ndogo mno, x = 1/2^(2^k):

f(x) = a − s, ambapo s ni jumla ya sehemu k za mwanzo.

Kwa k = 3, x ni 1/256 na s ni 1/2 + 1/4 + 1/16 = 0.8125. Hatujui a ni namba ya aina gani, lakini tabia ya f karibu na sifuri tunaijua vizuri sana. Mlinganyo huu unatuvusha kutoka tusipopajua hadi tunapopajua.

Hatua ya 2: Tengeneza kifaa kinachokaribia sifuri upesi

Tafuta namba nne kamili zitakazofanya

E(z) = (m + nz) + (p + qz)·f(z)

ianze na kipeo kikubwa kadiri iwezekanavyo. Ili z⁰ ifutike, m = 0. Ili z ifutike, n + p = 0. Ili z² ifutike, p + q = 0. Chagua p = 1:

E(z) = −z + (1 − z)·f(z) = −z³ + z⁴ − z⁵ + z⁸ − …

Fanya kuzidisha huku kwa mkono, usiniamini tu. Vigeu ni vinne na masharti ni matatu, kwa hiyo jibu lisilo sifuri lilikuwa lazima lipatikane. Likumbuke hilo, tutalihitaji.

Hatua ya 3: Onyesha kwamba a si sehemu

Tuseme kuna mtu anadai a = u/v, zote mbili namba kamili. Weka x ya Hatua ya 1 ndani ya E:

E(x) = −x + (1 − x)(a − s)

Asili (namba za chini za sehemu) zilizomo humu ni tatu: v ya a, 2^(2^k) ya x, na 2^(2^(k−1)) ya s. Zidisha E(x) kwa zote tatu na utapata namba kamili. Kwa k = 3 unazidisha kwa v × 256 × 16, yaani v × 4096.

Ukubwa wa E(x) nao ni mdogo kuliko x³. Kikokotoo kitathibitisha: 0.003921509 × 0.99609375 − 0.00390625 inatoa takriban −0.0000000594, na 1/256³ ni takriban 0.0000000596. Kwa hiyo ile namba kamili, tukiacha alama ya hasi, ni ndogo kuliko v/4096. Sifuri haiwezi kuwa, kwa sababu −x³ inazizidi nguvu sehemu zote zinazofuata. Namba kamili isiyo sifuri haiwi chini ya 1. Basi v lazima izidi 4096.

Mwenye madai atasema sawa, v yangu ni kubwa. Nenda k = 4: v lazima izidi 16,777,216. Nenda k = 5: lazima izidi 281,474,976,710,656. Hana pa kukimbilia. Kila v anayoitaja, kuna k inayoikataa.

Hatua ya 4: Sasa mlinganyo wowote

Hapa ndipo Mahler alipopiga hatua kubwa. Tuseme a inajibu mlinganyo wa daraja d (yaani kipeo chake kikubwa ni d), na hakuna wa daraja la chini zaidi unaojibiwa na a. Panua kifaa: tumia f, f², hadi f^N, kila moja ikizidishwa kwa polinomia ya z ya daraja lisilozidi N. Vizigeu vya kutafuta ni (N + 1)², hivyo unaweza kufuta masharti (N + 1)² − 1, na E itaanza na kipeo kisichopungua N² + 2N. Kwa N = 1 ni 3, kama tulivyoona.

Ukiondoa asili zote kama mwanzo, unazidisha kwa takriban 2^(1.5·N·2^k). Unachopata si namba kamili ya kawaida, maana a imo ndani. Dawa yake ni kuchukua majibu mengine ya mlinganyo uleule wa a, kuyaweka mahali pa a moja baada ya jingine, kisha kuzidisha matokeo yote d pamoja. Zao lake ni namba kamili isiyo sifuri, kwa hiyo haliwi chini ya 1. Lakini ukubwa wake hauzidi

C × 2^(2^k × (1.5·N·d − N² − 2N))

ambapo C haitegemei k. Chagua N kubwa kuliko 1.5·d. Kipeo kinakuwa hasi, k inapanda, na zao linashuka chini ya 1. Hapo madai yameanguka.

Hatua ya 5: Ziba tundu

Wanafunzi wengi huruka hapa. Tunajuaje kwamba E yenyewe si sifuri kila mahali? Angalia f inavyopanda bila kikomo z inapokaribia 1. Kwa f(z) = z + f(z²), inapanda hivyo hivyo kwenye −1, kisha kwenye i na −i (ambapo i² = −1), na kuendelea pande zote za duara la nusukipenyo 1. Funksheni ya aljebra, yaani inayojibu mlinganyo wa polinomia, hupanda hivyo kwenye pointi chache zinazohesabika tu. Kwa hiyo f si ya aljebra, na E haiwezi kufutika yote.

Hoja hiihii inakubali namba yoyote ya aljebra (yaani isiyo transendentali) kati ya 0 na 1 mahali pa 1/2.

Mwenye hoja hakupata utulivu wa kuiendeleza. Mwaka 1933 alikuwa ameshapewa kazi Königsberg, mji wa Ujerumani wakati huo, Hitler akashika madaraka, na Mahler, akiwa Myahudi, akaondoka. Mwanahisabati Louis Mordell alimpokea Manchester, Uingereza. Mwaka 1937 alithibitisha kwamba 0.123456789101112…, iliyoandikwa kwa kupanga namba zote mfululizo, ni transendentali, ingawa kwa njia tofauti na hii. Mwaka 1940 Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni raia wa nchi adui. Mwaka 1948 wakamchagua katika Royal Society, chama chao cha wanasayansi. Alihamia Canberra, Australia, mwaka 1963, na ni huko alikofia mwaka 1988. Makala ya 1929 ilikaa karibu miaka arobaini bila wa kuijali, mpaka yeye mwenyewe alipoikumbusha mwaka 1969 na vijana wakaichukua.

Zoezi

Chukua T(z) = (1 − z)(1 − z²)(1 − z⁴)…, ambayo Mahler naye aliishughulikia. Mlinganyo wake ni T(z) = (1 − z)·T(z²). Hapa unagawanya badala ya kutoa, kwa hiyo kabla ya kuondoa asili, zidisha kwanza E kwa zao la mabano k ya mwanzo. Rudia Hatua ya 2 kwa N = 1. Ukipata E inayoanza na 2z³, umepatia. Endelea Hatua ya 3.